Wiki tatu za kioo kupepesa

Wiki tatu nzima kioo cha kompyuta yangu kilipepesa kama taa za disko. Unaandika mstari mmoja, macho yanatoa machozi mistari kumi!

Nikakipakata pamoja na kompyuta yake kwenye bodaboda kutoka Nkuhungu hadi Majengo, na vumbi lote la Dodoma likahamia usoni kwangu. Fundi wa kwanza hakugusa hata waya. "Hiki kimekufa, kaka. Nunua kingine." Kimekufaje na kinawaka? Wa pili akataka kubadilisha taa za ndani. Wa tatu akaifuta kompyuta na kuweka Windows upya. Mafaili yangu yakapotea, kioo kikaendelea kucheza vilevile. Nani hajapitia haya?

Jamani, kwa nini hakuna anayeanza na vitu vya bure? Chomoa waya unaounganisha kioo na kompyuta, uchomeke tena, kaza na skrubu zake. Kihamishie kioo kwenye kompyuta nyingine: kikitulia huko, kioo ni kizima. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja lifunguke dirisha la Task Manager, lile linaloonyesha programu zinazoendelea. Likicheza na lenyewe, shuku draiva ya picha, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kutoa picha kwenye kioo. Likitulia huku mengine yote yanacheza, kuna programu inayovuruga. Dakika tano tu, hata bisibisi huhitaji!

Jana nimeazima waya wa jirani. Kioo kimetulia tuli. Waya! Tatizo lilikuwa waya! Sasa mafaili yangu nani atanirudishia?