Nilipowavisha watu papa

Mimi ni fundi. Kanzu, dira, mabuibui, hata mapazia ukinibembeleza vizuri. Kibanda changu kiko Barabara ya Biashara, kimebanwa na maduka mawili ya leso, na siku zote nimejua riziki yangu imo ndani ya tundu la sindano. Aliyenipoteza ni mpwa wangu na simu yake.

"Shangazi, wenzako wakubwa wote wanauza manukato." Akanisomea. Paul Poiret, mshonaji wa Paris, alianza 1911. Chanel naye akatoa No. 5 mwaka 1921. Kumbe mtoto hakusoma mpaka chini, maana huko chini kulikuwa na habari kwamba Chanel hakukoroga kitu: alimwendea Ernest Beaux, mwenye kazi yake. Mimi nikakoroga mwenyewe, juu ya meza ya kupigia pasi.

Miski na waridi sikutaka, hayo kila bibi wa Mji wa Kale anayo kabatini. Nilitaka kitu cha watu wachache wenye moyo mgumu. Mombasa yenyewe ndani ya chupa: ndimu, asumini, udi, mwani, na kule chini kabisa, kwa mbali, papa mkavu. Usinicheke. Ambari yatoka tumboni mwa nyangumi, zabadi yatoka kwa fungo, mahali karibu na mkia, na watu wanajipaka shingoni wakashukuru. Papa amekosa nini?

Nikaloweka kwenye spiriti wiki sita, nikachuja kwa kitambaa cha melimeli, nikanusa kwenye kipande cha karatasi. Ndimu! Asumini! Nikafunga kizibo haraka kabla sijalia. Nikayaita Bahari.

Ile haraka ndiyo iliyonimaliza. Manukato hayaondoki kwa pamoja. Spiriti na vitu vyepesi kama ndimu huruka mwanzo, vizito hubaki nguoni saa na saa. Anayejua kazi hungoja hadi kesho ndipo anuse tena. Mimi nilingoja dakika mbili.

Basi nikapata kazi ya kanzu sita, za bwana harusi na ndugu zake. Nilipozipeleka siku ya nikahi, nikazipulizia Bahari zote, nyingi, kwapani na kolani, bure, zawadi ya fundi. Wakatoka wananukia, wakaanza kwenda msikitini kwa miguu, jua la saa tisa linawaka. Mimi nikapanda roshani pamoja na mama wa bwana harusi kuwatazama wanavyopendeza.

Paka wa kwanza alitoka kwenye ngazi ya jirani. Mweupe, sikio moja. Sikumjali. Kufika kona ya pili walikuwa watano, na walikuwa hawazururi, walikuwa wanaandamana, mikia juu, kama waalikwa waliochelewa. Mji wa Kale una paka wengi kuliko milango. Mmoja akaushika upindo wa bwana harusi, ule upindo nilioushona kwa mkono usiku kucha, akaning'inia.

Ami yake akasimama, akanusa hewa. "Mbona hapa panuka ng'onda? Nani kabeba ng'onda?"

Ndugu wakaanza kunusana. Bwana harusi akanusa kola yake mwenyewe, akafumba macho.

Mama wa bwana harusi hakunigeukia. Aliendelea kutazama chini, akauliza polepole, "Fundi, umewatia nini wanangu?"

"Bahari," nikasema.

Nikahi ilifungwa, alhamdulillahi, bwana harusi akiwa na kanzu ya kuazima iliyomfika magotini. Zangu sita nilifua mara tatu kwa siki, na malipo nikarudisha nusu bila kuombwa.

Chupa zilizosalia nilikuwa nazimwaga, akapita mvuvi mmoja mzee wa Likoni, akaomba moja. Juma lililofuata akarudi mbio. Anasema akipulizia kwenye chambo, samaki hawamtanii. Anauliza kama nauza kwa galoni.