Baraza la Waislamu: kura ni ya chama au ya msikiti?

Uchaguzi wa Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya, SUPKEM, ukikaribia, mazungumzo ya barazani Amu, mji wa Lamu, baada ya sala ya isha huwa ni kiti cha mwenyekiti: awe mtu wa pwani au wa bara? Lenye uzito zaidi ni wapiga kura wenyewe, na hapo ndipo Lamu inapopotea.

Baraza liliundwa 1973. Majirani walikuwa wametangulia. Tanzania ilipata baraza lake, BAKWATA, 1968, mwaka ambao EAMWS, jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki iliyozaliwa Mombasa 1945, ilipigwa marufuku huko. Uganda ikafuata 1972, enzi za Idi Amin. Serikali zilitaka mlango mmoja wa kubisha hodi, na Waislamu nao walitaka msemaji mmoja. Kwa hiyo tuhuma kwamba baraza liko karibu mno na wakubwa zina umri sawa na baraza lenyewe. Ziliongezeka 1992, chama cha siasa cha Kiislamu, IPK, kiliponyimwa usajili na Mombasa ikaingia ghasia. Kufikia 1997 maimamu walikuwa na baraza lao, CIPK.

Hata hivyo, wanaosema tulivunje hawatendi haki. Mjadala wa katiba ulipopamba moto na viongozi wengi wa makanisa kuzipinga Mahakama za Kadhi, zinazoamua ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, palihitajika watu wa kukaa mezani kwa jina la Waislamu wote. Leo mahakama hizo zimo katika kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010. Mahujaji nao hawawezi kuhudumiwa kijiji kwa kijiji: Saudi Arabia hugawa nafasi za hija kwa nchi.

Tatizo limo katika umbo lenyewe. Baraza ni mwavuli wa vyama vya Waislamu (si vya siasa) na kamati za misikiti, na wapiga kura ni wajumbe wao. Kwa Sheria ya Vyama, chama kinataka watu wasiopungua 10, katiba, mkutano mkuu kila mwaka wenye hesabu zilizosomwa, na ripoti ya mwaka kwa Msajili. Viongozi wakibadilika, Msajili aarifiwe ndani ya siku 14.

Sasa tazama msikiti mdogo wa mtaa wa Mkomani, Amu. Unaishi kwa wakfu, mali iliyotolewa kwa ajili ya msikiti: duka moja la kupangisha, minazi kadhaa. Mutawalli, msimamizi wa wakfu, hupokea kodi, hununua mikeka na taa, husafisha birika, humpa mwadhini chake. Hakuna ada, hakuna kumbukumbu za mkutano, hakuna kadi ya uanachama. Imamu anaaminiwa kwa darsa zake na kwa mwalimu aliyemsomesha. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, aliouasisi mwanazuoni Habib Swaleh, ulieneza elimu Afrika Mashariki kwa heshima ya namna hiyo, si kwa sanduku la kura. Msikiti kama huu ukikosa kamati iliyoandikwa hauna mjumbe, ilhali kikundi cha watu 10 chenye cheti cha usajili cha mwaka jana kinaweza kuwa naye.

Je, mutawalli apewe kura? Hapana. Umutawalli mara nyingi hurithiwa, na kumpa kura ni kuipa nyumba moja sauti ya waumini wote. Lakini kamati za haraka, zinazoundwa wiki chache kabla ya uchaguzi, ni mbaya zaidi. Halafu kuna safari: mjumbe wa Kizingitini hupanda boti hadi Amu, boti nyingine hadi Mokowe, kisha basi mpaka Nairobi. Nauli ikitoka mfukoni mwa mgombea, kura imeshauzwa kabla hajafika. Na pande mbili za chama kimoja zikipeleka majina tofauti ya viongozi, Msajili anaweza kuwapa mwezi mmoja waonyeshe kuwa wamepatana au wamefika mahakamani, la sivyo usajili wenyewe unaweza kufutwa. Katika kipindi hicho benki haijui sahihi ya nani iheshimiwe, na hata barua za mahujaji hukwama.

Njia tunayoiona inafaa ni nyepesi. Baada ya sala ya Ijumaa, waumini wamteue mjumbe wao, jina liandikwe mbele yao, watu 10 watie sahihi. Orodha ya wajumbe wote wa kaunti ibandikwe milangoni mwa misikiti siku 30 kabla ya kura, na pingamizi zipokelewe hapo hapo Lamu. Nauli ilipwe na baraza lenyewe, pesa zitengwe kabla jina la mgombea hata mmoja halijatangazwa.