Wale waliodai kazi kwa rangi mwaka 1964, walikuwa wabaguzi kweli?

Juzi nilikuwa Muhimbili kumuona shangazi, nimefika kabla ya muda wa kuona wagonjwa kwa hiyo tumesimama wengi tu nje ya jengo la Sewahaji na mahotpoti yetu na chupa za uji, pembeni yangu kuna mzee mmoja na kijana wanabishana habari za Marekani. Kijana anasema alichofanya Trump Januari 2025, kufuta ile amri ya Rais Johnson ya 1965 iliyoyabana makampuni yenye tenda za serikali yahakikishe weusi nao wanaajiriwa, ni sawa kabisa, kazi apewe mwenye sifa, mambo ya rangi yaishe. Akamalizia, "Hata Mwalimu aliikataa hiyo kitu hapa kwetu." Mzee akamwangalia weee, akamuuliza, "Mjukuu wangu, unajua Mwalimu alimkatalia nani?" Mlango ukafunguliwa, tukaingia.

Hilo swali nimerudi nalo nyumbani.

Kwa kifupi tu maana wengi mnaijua. Baada ya Uhuru vyama vya wafanyakazi, hasa kile cha reli alichokuwa anakiongoza Kasanga Tumbo, walikuwa wanapiga kelele Waafrika wapewe nafasi serikalini haraka. Mwaka 1962 serikali ikakubali, Mwafrika akatangulizwa hata mbele ya Mhindi au Mzungu aliyechukua uraia. Halafu tarehe 7 Januari 1964 Nyerere akatoa waraka, basi imetosha, raia ni raia, kuanzia sasa tunaangalia uwezo na tabia. Tarehe 20 wanajeshi wa Colito, Lugalo ya leo, wakaasi, wanataka mshahara uongezwe na maofisa wa Kiingereza waondoke.

Niseme ukweli, hoja ya Mwalimu sio ya kuichezea. Oktoba 1961, hata bendera haijapandishwa, kuna wabunge walitaka uraia uwe wa mweusi peke yake, akawaambia bora serikali nzima ijiuzulu kuliko kupitisha hiyo. Alijua ukishaanza kumpima mtu kwa ngozi yake huishii kwa Mzungu, kesho unahamia kwa dini, keshokutwa kabila. Na Uganda walituonyesha 1972, Amin akawapa Wahindi siku 90. Huu upande tunafundishwa toka darasa la nne, sina haja ya kuurefusha.

Ila wale wa vyama vya wafanyakazi wamebaki kwenye vichwa vyetu kama watu wenye chuki tu, na hapo ndio nakataa.

Kuna namba Mwalimu mwenyewe alikuwa anaitaja, kwamba Waingereza walituachia mainjinia wawili na madaktari 12. Kumi na wawili jamani. Sensa ya 1957 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8 na nusu Tanganyika, gawanya mwenyewe, ni daktari mmoja kwa watu laki saba na kitu (nilipiga hiyo hesabu kwenye simu mara mbili nikidhani nimekosea sifuri). Sasa hii 12 kila mtu anaivutia kwake. Anayeutetea waraka anakwambia unaona, ungewatimua wageni nani angeshika kisu kule theatre? Na ni kweli kabisa, hana jibu mtu. Lakini hebu igeuze, kwa nini 12? Sio kwamba watoto wa Kiafrika walikuwa wazito kichwani, shule zenyewe zilikuwa za aina tatu, ya Mzungu, ya Mhindi na ya Mwafrika, na hela zilizokuwa zinaingia huko wala hazikufanana. Yule mmoja mmoja aliyepenya mpaka Makerere akasomea udaktari, kwa miaka mingi akirudi huku anaitwa msaidizi tu, mganga mkuu ni Mzungu, na mishahara nayo imepangwa hivyo hivyo, Mzungu juu, Mhindi katikati, yeye chini. Yaani hiyo sifa tunayoiongelea ilishagawiwa kwa rangi kitambo, toka mtoto yuko darasani, halafu siku ya kugawa vyeo ndio unaambiwa rangi isitajwe. Mtu wa reli akikasirika hapo mimi namuelewa. Hakuwa anaomba upendeleo, alikuwa anauliza mbona mnabadilisha sheria ya mchezo leo wakati sisi ndio tunaingia uwanjani.

Na sio kazi tu, hata kitanda. Ocean Road waliijenga Wajerumani kwa ajili ya Wazungu, upepo wa bahari na kila kitu, Waafrika na Wahindi wakawa wanatibiwa kwenye hospitali ya Sewa Haji, mfanyabiashara wa Kihindi aliyetoa hela yake mfukoni, na ndio hilo jina lililobaki kwenye jengo tulilosimama juzi. Hicho kiwanja cha Mnazi Mmoja tunachokatiza kwenda Kariakoo kiliachwa wazi kututenga na mjini, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya, waogope malaria ya Waswahili. Afya ya nani, ndio hapo.

Kuna watakaosema ishu ni umaskini, wape watu hela rangi itajifuta yenyewe. Nilikuwa nafikiri hivyo pia. Ila turudi kwa huyo huyo Marekani wa kijana wetu. Kuna utafiti wa 2004 ulifanyika Boston na Chicago, wakatuma CV za kutunga, sifa zinalingana, tofauti ni majina tu, lenye jina la kizungu likaitwa mara moja kwa kila maombi 10, lenye jina la kiweusi mpaka yafike 15. Na kule watu wengi bima wanaipata kazini, kwa hiyo jina likikuangusha kwenye CV linakufuata mpaka wodini. Mwaka 2023 mama weusi walikufa kwa uzazi 50.3 katika kila vizazi hai laki moja, weupe 14.5. Na sio kwamba ni wale maskini tu, takwimu za 2007 mpaka 2016 zilionyesha mama mweusi mwenye digrii yuko kwenye hatari kubwa kuliko mama mweupe ambaye hata sekondari hakumaliza. Sasa hapo hela imefuta nini?

Kuna sehemu siwatetei watu wa vyama lakini. Karani wa Kihindi aliyezaliwa Kisutu, kachukua uraia kwa roho moja, kumwambia kaa pembeni kwa sababu ya makosa ya gavana ni uonevu, hakuna namna ya kuupaka rangi ukapendeza. Pia dawa iliyotibu kweli haikuwa kumtoa mtu kwenye kiti, ilikuwa shule ya udaktari iliyofunguliwa hapa hapa Dar 1963. Ila shule inachukua miaka, na waraka ulikuja mwaka mmoja tu baada ya hapo, hata wanafunzi wa kwanza hawajamaliza. Mimi naona ulikuja mapema. Leo tumeshajenga watu wetu, sheria ya 2015 ya ajira za wageni inauliza pasipoti na sio ngozi, na hiyo naikubali mia kwa mia, maana sasa hivi tunaanzia mstari mmoja. Au tuseme karibu mmoja, binamu yangu kuna ofisi Masaki alienda kwa interview akaulizwa na mlinzi kama kaja kuosha magari.

Baada ya maasi viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi wakakamatwa, Februari 1964 TFL, shirikisho la vyama hivyo, ikafutwa ikaja NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, katibu mkuu wake anateuliwa na rais, na wa kwanza alikuwa waziri wa kazi mwenyewe. Toka hapo hoja yao haikuwa na wa kuisemea, tukabaki na waraka tu. Kwa hiyo ukitaka kuusikia upande wao siku hizi inabidi ubahatike kusimama karibu na mzee wa namna ile nje ya wodi, na mlango nao uchelewe kidogo kufunguliwa.