Kazi mradi shuleni: wazazi wana hoja, ila dawa sio kuzifuta

Kwenye grupu la wazazi la shule moja hapa Mbeya kumewaka moto kuhusu kazi mradi, zile kazi ambazo watoto wanapangwa makundi, wanatengeneza kitu kwa mikono yao, kipima mvua, chujio la maji, bustani ya gunia, halafu wanakieleza mbele ya darasa. Mzazi mmoja katuma voisi ndefu kwamba mwanae ameenda shule kusoma sio kuchezea makopo na mkaa, na wengi wakamuunga mkono. Mimi niko upande wa makopo na mkaa na nitasema kwa nini, lakini hawa wanaolalamika wasikilizwe kwanza maana hawajatunga.

Kuna suala la mtihani. Mtoto wa la saba anapimwa kwa karatasi ambayo sehemu kubwa ni kuchagua herufi na kusiliba, na hakuna swali linalouliza kama ulielewana na wenzako. Kuna suala la hela pia, ruzuku ya serikali kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima na sehemu yake inaishia kwenye vitabu, kwa hiyo gundi, manila na mkasi vinarudi kwa mzazi, na usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi baba ndo anakata makopo sebuleni, mtoto kalala zamani. Maksi zinazotolewa kesho yake hazimhusu mtoto hata kidogo.

Halafu kuna kumbukumbu. Sisi tuliosoma shule za msingi za kanda hii, iwe Rungwe, Mufindi au Makambako, tunajua kazi za mikono zilivyokuwa: kubeba kuni, kusomba tofali, kwenda kupalilia viazi kwenye shamba la mwalimu. Mtu aliyepita huko akisikia mwanae anafanya mradi lazima ashtuke. Ila tukumbuke Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, hakusema watoto walime tu, alitaka washiriki kupanga na kuamua wenyewe nini kifanyike na mapato yatumikeje. Tulichokuja kubaki nacho shule nyingi ni jembe, kupanga na kuamua kukabaki kwa wakubwa. Mtaala ulioboreshwa ulioanza Januari 2024 unasisitiza tena mtoto ajifunze kwa kutenda, sasa kama tutarudia kumpa mtoto kazi bila kumpa maamuzi, wazazi watakuwa na haki ya kupiga kelele.

Lakini lalamiko ninaloliheshimu zaidi ni la kutegea. Kundi la watoto sita, wawili wanafanya, wanne wanapiga stori, maksi wote sawa. Mzazi wa yule anayefanya anaumia, na mzazi wa anayetegea hajui hata kama mwanae hajashika kitu. Na hii sio tabia ya watoto wetu peke yao. Kuna Mfaransa aliyekuwa mtaalamu wa kilimo, Max Ringelmann, alipima watu wakivuta kamba na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1913: kadiri watu walivyoongezeka kwenye kamba ndivyo kila mmoja alivyotoa nguvu pungufu, na walipofika wanane kila mtu alikuwa anatoa kama nusu tu ya anachoweza akiwa peke yake. Nusu jamani. Watu wanane wazima kazi ya wanne. Sehemu ya upotevu ule ni kwamba hawakuvuta kwa wakati mmoja, lakini sehemu nyingine ni kwamba kila mmoja alilegeza kidogo akijua wenzake wapo, na hao ni watu wazima, sembuse mtoto wa miaka kumi na moja.

Hiyo nusu imenisumbua sana, kwa sababu ukiisoma harakaharaka unasema basi, makundi yafutwe, kila mtoto akae na daftari lake. Ila fikiria ile kamba ilivyo. Wote wameshika kitu kimoja na hakuna anayeweza kuona nani kalegeza. Mwaka 1981 watafiti watatu wa Marekani, Williams, Harkins na Latané, waliwapa watu kazi ya kupiga kelele kwa pamoja, wakategea vilevile, lakini walipoambiwa kwamba sauti ya kila mmoja inapimwa peke yake kutegea kukaisha. Kwa hiyo ugonjwa hauko kwenye kundi lenyewe, uko kwenye kazi ambayo mchango wa mtu hauonekani, na kazi mradi nyingi tunazowapa watoto ziko hivyo hivyo, "tengenezeni mfano wa nyumba, mlete Ijumaa".

Sasa chukua kipima mvua. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, unaikata juu pale inapoanza kubana, kile kipande cha juu unakigeuza mdomo chini unakirudisha ndani ili maji yaingie yasikauke, kitako unawekea kokoto kwa sababu hakijanyooka, unamimina maji mpaka yafunike kokoto na kufika pale chupa iliponyooka, hapo ndo sifuri, unabandika rula. Kutengeneza ni kipindi kimoja. Kazi yenyewe inaanza baada ya hapo, maana huku kwetu mvua ikianza Novemba inakwenda mpaka Aprili au Mei, na kipimo kinasomwa saa tatu asubuhi, kinaandikwa, maji yanapunguzwa mpaka mstari wa sifuri. Watoto watano, kila mmoja na siku yake, wa Jumatatu anaandika mvua ya siku tatu kwa sababu ya wikiendi. Wa Jumatano akisahau, wa Alhamisi anakuta maji ya siku mbili yamechanganyika na hawezi kuyatenganisha, na hakuna mwenzake atakayemfanyia kesho yake, siku imeshapita, pengo liko ukutani mbele ya jina lake.

Niliona jedwali la namna hiyo kwenye darasa la tano, Jumatano kadhaa zimepigwa mstari tu. Mwenye siku hiyo alikuwa mtoto ambaye siku ya gulio anabaki kumsaidia mama yake kuuza nyanya. Wenzake walianza kwa kumsema, mwalimu akawaachia, baadaye wakabadilishana naye, yeye akachukua Jumanne, mambo yakaenda. Walimaliza wenyewe, na huo ndo ushirikiano ninaoutetea, kujua mwenzako anaishije na kupanga kazi kufuatana na hali yake. Huwezi kuufundisha ubaoni.

Kuhusu kutokata tamaa, chujio la maji linafundisha zaidi. Chupa imegeuzwa, kitambaa mdomoni, mkaa uliopondwa, mchanga, kokoto juu, unamimina maji ya mfereji yenye udongo. Mara ya kwanza karibu kila kundi maji yanatoka meusi kuliko yalivyoingia, darasa linacheka, aliyeleta mkaa anatupiwa lawama, halafu kengele. Dakika 40 zimeisha.

Mwalimu akitoa maksi pale, watoto wameondoka na kitu kimoja tu, kwamba wameshindwa na wa kulaumiwa ni fulani. Wakipewa kipindi cha pili wanabomoa tabaka moja moja, wanagundua mkaa haukuoshwa, vumbi lake ndo limechafua, wanauosha, wanaosha na mchanga, wanamwaga maji ya kwanza, yanatoka ya kijivu, wanarudia tena, yanaanza kung'aa. (Na mwalimu asiache kuwaambia kwamba maji hayo bado ni ya kuchemsha, chujio lile linatoa uchafu, haliui vijidudu.) Kwangu mimi kipindi cha pili ndicho chenye thamani na ndicho kinachokatwa, ratiba imebana, mada hazijaisha, mtihani wa wilaya unakuja. Mtihani wenyewe ukikosa umekosa, hakuna kubomoa na kuangalia wapi mkaa ulichafua. Kama na kazi mradi nayo itakuwa ya kujaribu mara moja tu, mzazi ana haki ya kuuliza inaongeza nini.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka mradi kila somo kila wiki. Moja kwa muhula inatosha, vipindi viwili vifuatane ili dakika 80 zipatikane, kisha siku nyingine ya kurudia, vifaa viwe vile vinavyookotwa, na kazi isitoke nje ya geti la shule ili baba asiikamate. Na mwalimu azungushe majukumu, kwa sababu ukiwaachia watoto utakuta wasichana wanaosha chupa na kuandika mwandiko mzuri, wavulana wanakata na kupima.

Kinachonipa shida kweli ni idadi. Kiwango ni watoto 45 kwa darasa na tunajua shule zenye 90. Makundi ya watano hapo ni makundi 18 kwa mwalimu mmoja, hakuna atakayeona nani kategea, tumerudi kwenye kamba ya Ringelmann. Kwa darasa la hivyo ningeachana na chujio, nikachukua kipima mvua kimoja cha darasa zima: wakienda wawili wawili, 90 wanapata zamu wote ndani ya siku 45 za shule, yaani wiki tisa, na mvua ya huku inawasubiri.