Baraza la kata si la bure: nani alipie usuluhishi wa ardhi Nyanda za Juu Kusini?

Marekebisho ya Sheria ya Mahakama za Ardhi, Sura ya 216, yaliyofanyika mwaka 2021 yaliyanyang'anya mabaraza ya kata mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi. Yamebakiwa na kazi ya kusuluhisha tu. Hata hivyo hayakwepeki: Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri linalogusa umiliki mpaka baraza la kata lithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite tangu shauri lifunguliwe bila suluhu. Kwa hiyo mgogoro wa shamba la mpunga Mbarali, la chai Rungwe au la miti Mufindi unaanzia ofisi ya kata. Halmashauri ilipie vikao hivyo, au iyaache mabaraza yajitafutie?

Wasiotaka kulipa wana hoja nzito. Chini ya baraza la kata kuna baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, nalo kazi yake ni kusuluhisha. Mgogoro mmoja wa mpaka unaweza kuzungumzwa kijijini, ukazungumzwa tena kwenye kata, kisha ukaanza upya wilayani. Kwa nini umma ugharimie ngazi mbili zisizo na neno la mwisho?

Tupige hesabu ya mfano. Kisheria kikao cha usuluhishi kina wajumbe watatu, angalau mmoja akiwa mwanamke. Ongeza katibu. Posho ikiwa shilingi 10,000 kwa kila mmoja, kikao kinagharimu shilingi 40,000. Vikao viwili kwa wiki, kwa wiki 48, katika halmashauri yenye kata 25, ni shilingi milioni 96 kwa mwaka, kabla ya karatasi, muhuri, kabati la majalada lenye kufuli na mafuta ya pikipiki. Fedha hizo zingesaidia kupaua maboma ya zahanati. Na kwa halmashauri inayotegemea ushuru wa mazao kuna tatizo la msimu: wakulima hugombania mipaka zaidi wanapotayarisha mashamba kabla ya mvua za Novemba, wakati ambapo ushuru wa mavuno ya katikati ya mwaka umeshaanza kupungua.

Lakini kutolipa hakuifuti gharama, kunaihamisha tu. Baraza lisilo na posho huomba mlalamikaji atoe ada, kisha nauli ya wajumbe kwenda kuona eneo. Mlalamikiwa anawaona wajumbe wakishuka kwenye bodaboda zilizolipiwa na mwenzake. Hata wakiwa waadilifu, suluhu imeshaharibika, kwa sababu usuluhishi unasimama juu ya imani ya pande zote mbili. Mjane asiye na nauli hafungui shauri kabisa. Anaacha sehemu ya shamba iende.

Gharama nyingine inajificha kwenye maandishi, na hapa ndipo pa kuangalia kwa makini. Katibu asiyelipwa wala kufundishwa huandika "wamekubaliana kugawana" na kufunga daftari. Makubaliano yanayodumu hutaja majirani wa pande zote nne, alama zisizohamishika, urefu wa kila upande kwa mita, na yana saini za wahusika na mashahidi. Kwenye maeneo ya miti kosa hili ni baya zaidi: misindano iliyopandwa juu ya mpaka usioeleweka hukaa miaka mingi kimya, na ugomvi hulipuka siku mnunuzi wa mbao anapofika. Cheti cha kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana nacho kisipoonyesha tarehe, majina ya waliokaa na kwamba mwanamke alikuwepo, huzaa pingamizi wilayani. Shauri likiondolewa, watu wanarudishwa kwenye kata, na umma unalipia kazi ile ile mara mbili.

Kwa maoni yetu halmashauri ilipe, ila kwa masharti. Posho itolewe kwa kikao kilichofanyika na kuandikwa, isitolewe kwa suluhu iliyopatikana. Ukilipia suluhu, wajumbe watamshurutisha mnyonge akubali. Tusitarajie pia baraza liokoe fedha mahali ambapo halina nguvu. Mgogoro wa mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na vijiji vya Usangu haukuwa wa kumalizwa na wajumbe watatu wa kata. Na pale ambapo vijiji vimepimwa na wakulima kupewa hati za hakimiliki za kimila, kama ilivyofanyika katika sehemu za Iringa na Mbeya, mpaka una ramani ya kurejea, na kikao kinakuwa kifupi.

Halmashauri isiyomudu vikao viwili kwa wiki ianze na siku moja maalumu ya baraza kwa kila kata, itangazwe kwenye mbao za vijiji, mashauri matatu au manne yasikilizwe kwa posho moja. Ziara za kuona maeneo zipangwe kwa upande mmoja wa kata kwa siku moja, kwa pikipiki ya ofisi, na mafuta yatoke halmashauri hata kama posho zimechelewa.