Ng'ombe wa Mpangaji

Wale mnaonitumia ujumbe wa "pole kwa mifugo", naomba mpumzike kidogo niliseme hili mwenyewe. Toleo lililowafikia limetoka kwa Kinyozi, na nyote mnamjua: akishakufunga kile kitambaa shingoni na mashine ikawa sikioni, huna pa kukimbilia, anakusimulia anavyotaka yeye. Anasema nililia. Sikulia, nilikuwa na mafua. Anasema nilitoka nje na taulo. Ilikuwa bukta. Anasema mjumbe aliandika habari za ng'ombe kwenye daftari lake. Hilo, basi, ni kweli, lakini mimi sikumwomba.

Chanzo cha yote ni mchezo wa mtandaoni unaoitwa Albion Online. Upo tangu 2017, kwenye simu uliingia rasmi 2021, ila kwangu ni mpya kabisa, kwa sababu simu yangu ya zamani hata ukifungua kikokotoo ilikuwa inapata homa. Kinyozi ndiye aliyeniingiza. Alinieleza huku ananichonga ndevu kwamba ni dunia ya mapanga na uchawi, na kwamba mle ndani hakuna kuambiwa mwanzoni uchague kuwa askari au mganga. Unachovaa ndicho ulicho. Ukivaa joho ukashika fimbo ya moto, mchawi. Ukavua, ukavaa chuma ukashika shoka, askari. Nikajua tu waliotunga huu mchezo wangeishi Dar bila shida.

Mimi nikataka uchawi wa moto. Joho, kofia, fimbo inawaka, watu wanakupisha njiani. Kumbe joho halidondoki kutoka mbinguni. Vitu vya mle sokoni karibu vyote vimetengenezwa na wachezaji wenyewe, kuanzia viatu hadi shoka. Joho linataka kitambaa, kitambaa kinataka nyuzi, nyuzi zinataka mtu ainame na mundu. Na usidhani ukikusanya nyuzi za daraja la nne ndiyo umepata kitambaa cha daraja la nne. Lazima utie ndani yake kitambaa cha daraja la tatu, ambacho nacho kimekula cha daraja la pili, ambacho kinatokana na pamba. Kwa hiyo mchawi mtarajiwa akapelekwa kuvuna pamba.

Ndugu zangu wa Meatu, hapa mtanisamehe. Bibi yangu amelima pamba maisha yake yote kule Simiyu. Likizo zote za shule tumbo lilikuwa likiniuma ghafla kila asubuhi ya kwenda shamba, na kupona ikifika saa ya chakula. Nimekimbilia mjini, nimepanga chumba, nimekopa simu, nimejiunga bando la usiku, ili nivune pamba. Bibi alipopiga kuniuliza siku hizi nashughulika na nini, nikamwambia niko kwenye kilimo kidogo. Alifurahi sana. Mungu anisamehe.

Kwenye kupanda ngazi napo kuna maajabu yake. Hakuna namba moja ya kukwambia wewe umefika wapi. Kuna kitu mimi nakiita Ubao wa Majaaliwa, una matawi mengi mpaka kidole kinachoka kuusogeza kwenye kioo, na kila tawi linakua kwa kazi yake tu. Ukipigana kwa fimbo ya moto, unapata umaarufu wa fimbo ya moto. Ukikata nyuzi, umaarufu wako ni wa kukata nyuzi. Kinyozi alishafungua matawi ya panga yanayotisha. Mimi nikawa mtu mashuhuri wa mundu ambaye akimwona mbweha anazunguka njia.

(Mnaosema ningenunua joho sokoni yaishe: kwa hela ipi? Na nyie mnaosema hamjawahi kuukesha usiku kwa ajili ya kitu kisichoshikika, WhatsApp inatuonyesha saa mlizokuwa hewani.)

Basi bwana. Nyuzi nilikuwa nazikatia Thetford, mji wa vinamasi, maana vinamasini ndiko zilikojaa. Lakini faida ya kuzifanya kitambaa iko Lymhurst, mji wa msituni. Ukizisindika huko, zaidi ya theluthi moja ya malighafi inakurudia, unaanza tena. Shida ni ramani. Miji mitano imekaa kwa mduara na wa sita, Caerleon, uko katikati. Ukitaka usalama unazunguka kupitia upande wa Fort Sterling, unakwenda mpaka unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Ukitaka kuwahi unakatiza katikati, na katikati ni maeneo mekundu. Bluu hakuna wa kukugusa. Njano unaangushwa, unaamka, unajifuta vumbi. Nyekundu unauawa, na aliyekuua anapekua mifuko.

Nikanunua ng'ombe wa mizigo. Farasi anakimbia lakini habebi kitu cha maana. Ng'ombe anabeba, ila anatembea kama bwana harusi anayesubiri apigwe picha. Mle ndani ng'ombe hazaliwi mkubwa, kuna mchezaji mahali amemlisha tangu ndama kisiwani kwake, na mimi hilo liliniingia moyoni. Nikampa jina Mkombozi. Nikampakia pamba yote, nyuzi zote, mundu wangu mzuri, na fimbo ya moto niliyokuwa naisubiria joho lake.

"Tukatize katikati," Kinyozi akasema kwenye simu. "Mimi natangulia na farasi nakagua. Nani atataka pamba mbichi? Nzito, bei ndogo. Wezi wa huku wanataka silaha na viatu."

Mniambie mngefanyaje. Anaongea kwa uhakika mtu ambaye mmemwachia nyembe shingoni.

Ilikuwa kwenye saa saba usiku. Nimelala chali, hedifoni masikioni, taa nimezima. Mchezo ukanionya kwamba huku unapokwenda unaweza kupoteza kila kitu. Nikabonyeza ndiyo. Kuna namba inakuonyesha watu wenye nia mbaya walio kwenye eneo hilo. Ilikuwa sifuri. Kinyozi akasema, "Shwari, twende." Mkombozi akatembea. Miti ikapita. Akatembea tena. Nikawa napiga hesabu ya vitambaa.

Namba ikawa tatu.

"Kinyozi, kuna watu."

"Wapi? Mimi sioni mtu."

Alikuwa mbele sana, na farasi wake. Wale wakatokea nyuma, wamepanda wanyama wa kasi, wamevaa nguo ambazo mimi hata jina lake sikuwa nimelifungua kwenye ule ubao. Nikabonyeza mbele. Mkombozi akatembea. Nikabonyeza kwa nguvu, kana kwamba ng'ombe anasikia uchungu wa kioo. Akatembea vilevile, kwa heshima zake. Mmoja akashuka akampiga. Ile alama ya uhai wa ng'ombe ikapungua robo. Wa pili akampiga. Ikabaki nusu. Wa tatu, huyu ndiye sitamsahau, akasimama mbele yangu kwanza, kama mtu anayesoma bango, ndipo akapiga. Mkombozi akatoweka chini yangu, nikabaki nimesimama kinamasini na mundu.

Sasa, mtu mwenye hedifoni hajui sauti yake imefika wapi. Ninachokumbuka mimi nilinong'ona. Kinyozi, ambaye alikuwa hewani, anasema nilichosema ni hiki, na kwa sauti ya muezini: "WEZI! WEZI JAMANI! WAMEMUUA NG'OMBE WANGU! WANACHUKUA MZIGO! WEZIII!"

Uswahilini neno hilo husemi mara mbili. Mimi, inasemekana, nililisema mara nyingi.

Nilichosikia baada ya hapo ni mlango wangu. Kitasa kikaruka, kikapita juu ya kitanda. Taa ikawashwa. Mlangoni kuna baba mwenye nyumba, msuli na panga. Nyuma yake kijana wa bodaboda na spana, mama wa chumba cha jirani na mwiko, na watoto ambao kila asubuhi ya shule huamshwa kwa maji ila usiku ule walikuwa macho kama bundi. Nje ya ukuta watu wanaulizana kaelekea wapi. Mlinzi wa duka la Mangi, ambaye analipwa kwa kukaa macho, peke yake ndiye hakuamka.

Nikatolewa uani. Bukta, hedifoni shingoni, simu mkononi, na kwenye simu mimi mwingine nimelala chini ninavuliwa viatu.

"Wako wapi?" mzee akauliza.

"Wameshaondoka, mzee."

"Wamechukua nini?"

Hapa ndipo palikuwa pa kusema nilikuwa naota. Mwenzenu nikasema, "Ng'ombe."

Uani pakatulia. Mzee wetu ni Mgogo, amechunga tangu utoto, na ng'ombe kwake si mzaha. Akaishusha panga. Akanisogelea kwa huruma ambayo sijawahi kuiona kwake tangu nihamie.

"Alikuwa wapi huyo ng'ombe, mwanangu?"

"Thetford."

"Tegeta?"

"Thetford, mzee."

"Tegeta kuna wizi," akasema kijana wa bodaboda, kwa yakini kabisa.

Mjumbe naye akawa ameshafika, kanzu kaivaa nyuma mbele, daftari kwapani. Akalilaza juu ya beseni, akaandika. Tegeta.

"Dume au jike?" mzee akauliza.

Sikuwa najua. Nawaapia sijawahi kumtazama. Nikasema dume, kwa sauti ya kuuliza.

"Rangi?"

"Kahawia."

"Ana chapa?"

"Hapana."

"Mtu unaweka ng'ombe Tegeta, hana chapa," akawaambia wenzake, akitikisa kichwa. Kisha akanigeukia. "Mlikuwa mnamswaga usiku kumpeleka wapi?"

"Alikuwa amebeba pamba."

Mjumbe akaacha kuandika. Mama wa chumba cha jirani akashusha mwiko. Kijana wa bodaboda akanyoosha shingo, akaitazama simu yangu, akaitazama tena. Mimi nilikuwa nimeshafufuka Thetford. Nimesimama katikati ya mji, nguo hakuna, kimebaki kitambaa cha kujisitiri tu, watu wanapita na majoho yao.

"Mzee," akasema kijana, "hili ni gemu."

Na kama vile hiyo haikutosha, katika kurupushani ile waya wa hedifoni ulikuwa umechomoka. Kutoka kwenye simu, mbele ya mjumbe, mbele ya watoto, ikasikika sauti ya Kinyozi anacheka. Si kucheka kwa kawaida. Anacheka, anakohoa, anamwita mama yake.

Nilidhani mzee atanichapa. Ningeshukuru. Yeye akakunja uso, akafikiri, akaniuliza taratibu:

"Ila huyo ng'ombe ulimnunua?"

"Ndiyo, mzee, lakini ni kwa hela za humo hu..."

Alishasikia "ndiyo". Kilichofuata hakikumfikia.

"Kodi yangu tangu Ramadhani unaniambia mambo magumu, baba, mambo hayajakaa sawa. Kumbe una ng'ombe."

"Mzee, si ng'ombe wa kweli..."

"Una ng'ombe! Na pamba!" Akawageukia wapangaji wote. "Mwenzenu anasafirisha pamba!"

Mama wa chumba cha jirani, ambaye ananidai mkaa, akasema, "Haa."

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Kitasa nimelipa mimi. Waliotoka na silaha nimewanunulia soda, na nashangaa idadi ya wanaosema walitoka na silaha. Kodi nimelipa nusu, kwa kukopa, na risiti mzee kaandika "baada ya mauzo ya ng'ombe". Nilimwomba mjumbe akate ile habari kwenye daftari, akasema kilichoandikwa kimeandikwa. Watoto wananiita Mfugaji. Mangi kaniuliza kama nauza maziwa. Bibi amepiga, habari imefika mpaka Meatu, na yeye alichosikia ni kwamba nilikuwa na ng'ombe nikaibiwa, akaniombea dua ndefu, sikuwa na moyo wa kumkatiza.

Nimerudi kwenye pamba. Nimeanza upya na mundu wa bei rahisi, na safari hii nitazungukia Fort Sterling hata nikizeeka njiani.

Ila kuna jambo moja nataka mnisaidie kulifikiria. Wale watatu walichukua fimbo, mundu na ng'ombe. Nyuzi na pamba ni nzito, wakaziacha pale chini kwa yeyote atakayepita, kama Kinyozi alivyosema mwenyewe, pamba mbichi nani ataitaka. Na kwenye njia ile mtu wa pekee niliyekuwa namjua, mwenye farasi na nafasi ya kurudi, ni nani? Jana nimemkuta Lymhurst, amevaa joho jipya. Nimemwandikia kumuuliza kitambaa amekitoa wapi. Amesoma. Tiki mbili za bluu, na leo saluni amefunga.