Pembe ya ng'ombe haianzii kwenye fuvu

Kuna mwandishi anasema eti pembe ya ng'ombe ni mfupa wa fuvu unaorefuka mpaka unatoboa ngozi, hapo sikubaliani naye kabisa, manake yeyote aliyewahi kuunguza pembe za ndama anajua ni kinyume chake. Mshike ndama wa wiki chache, pekua manyoya juu ya kichwa upande upande, utakuta kinundu kama punje ya hindi, ndo pembe inapoanzia, ukikisukuma kwa kidole kinateleza pamoja na ngozi, hakijashika popote kwenye mfupa. Kinakuja kushikana na fuvu akifika kama miezi miwili hivi, na baadaye mfupa wa ndani ya pembe unakuwa na uwazi uliounganika na fuvu, ndo maana ukimkata pembe ng'ombe mkubwa damu inaruka na tundu linabaki wazi nzi wanaingia (kazi mbaya sana hiyo). Ila huyu mdogo unazungushia chuma cha moto ile ngozi mpaka iwe rangi ya shaba, basi, fuvu hujaligusa na pembe haioti tena. Hata wataalamu walishaona zamani, miaka ya 1930 kule Maine, Marekani, Franklin Dove alihamisha vinundu viwili vya ndama akaviweka pamoja katikati ya kichwa, ikaota pembe moja tu! Twiga naye hivo hivo, anazaliwa na vipembe vya gegedu vimelala bapa, kushikana na fuvu ni baadaye. Sasa nyie mnaotumia dawa ya kupaka ya kuunguza kinundu badala ya chuma, mvua ikinyesha hiyo dawa haitiririki mpaka machoni mwa ndama?